Mchangishaji na mwalimu: kazi mbili zisizoachana katika asasi za Kiyahudi

Ukipitia matangazo ya kazi ya asasi za Kiyahudi huko Marekani, hasa zile ndogo zilizo nje ya miji mikubwa, utakutana na nafasi ambayo mara ya kwanza inashangaza. Mtu mmoja anatakiwa atafute michango na wakati huohuo asimamie elimu. Asubuhi apange darasa la Kiebrania la watoto au mhadhara wa historia kwa wazee. Alasiri ampigie simu mfanyabiashara aliyetoa dola 5,000 mwaka jana, amwombe 7,500 mwaka huu. Hata pale kazi hizi zinapogawanywa kwa watu wawili, wawili hao hutegemeana kiasi kwamba mmoja akiacha kazi mwenzake hukwama.

Mtu wa nje hudhani ni kubana matumizi tu. Kubana matumizi kupo, lakini mzizi wa jambo hili ni mkongwe kuliko Marekani yenyewe. Asiyeujua anaweza kuifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuelewa kwa nini watu huchukizwa anapokosea jambo ambalo yeye aliliona dogo.

Mzizi wenyewe uko katika Talmudi ya Babeli, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi. Kimo humo kitabu kiitwacho Bava Batra, ambacho kinaanza na habari za kuta za majirani, nyua za pamoja na mali za ubia. Katikati ya mambo hayo ya viwanja, kwenye karatasi ya 8, marabi wanafikia aya ya nabii Danieli isemayo kwamba wenye hekima watang'aa kama mwangaza wa anga, na wale waongozao wengi kutenda haki watang'aa kama nyota milele na milele. Wanaulizana: ni akina nani hao? Kwa mapokeo mojawapo, wenye hekima ni hakimu ahukumuye kwa kweli pamoja na wakusanyaji wa sadaka, na nyota za milele ni walimu wa watoto wadogo. Aya moja, na humo mchangishaji na mwalimu wamekaa pamoja. Huo ndio msingi wa makala haya yote: kazi hizi mbili ni ndugu kweli, na kwa kuwa ni ndugu zinahitaji mipaka iliyo wazi kuliko kazi mbili zisizojuana.

Sheria za mkono unaopokea

Kwanza tuelewe kutoa kwenyewe. Myahudi hutoa kwa sababu amewajibishwa. Tzedakah, kama wanavyoiita, haimngoji mtu mpaka aguswe moyo. Mazoea ni kutoa sehemu ya kumi ya kipato, na marabi waliweka hata ukomo wa juu: anayetoa kwa ukarimu asipite sehemu ya tano, asije yeye mwenyewe akawa mzigo kwa wengine. Maskini anayeishi kwa sadaka naye anatakiwa atoe kidogo katika alichopewa. Msomaji aliyelelewa na zaka au fungu la kumi hatapata shida kulielewa hili.

Kinachowavutia wachache, lakini kwa maoni yangu ndicho kiini, ni sheria zinazomhusu mkusanyaji. Sadaka ya mji ikusanywe na watu wasiopungua wawili, kwa sababu kuudai umma fedha ni mamlaka, na mamlaka ya namna hiyo hapewi mtu mmoja. Igawanywe na watatu, kwa sababu kugawa ni kama kuhukumu kesi ya mali. Wakusanyaji wakiwa sokoni wasitengane. Mmoja wao akiokota sarafu zake mwenyewe njiani, au akilipwa deni lake binafsi hapo sokoni, asizitie mfukoni bali azitie kwenye mfuko wa sadaka, kisha azitoe afikapo nyumbani, ili mpita njia asije akadhani anaiba. Akiwa na sarafu ndogondogo za maskini zinazotakiwa kubadilishwa, azibadilishe na watu wengine, asijibadilishie mwenyewe.

Karatasi hiyohiyo ina onyo kali: Mungu atawaadhibu wanaowaonea watu, na miongoni mwao wamo hata wakusanyaji wa sadaka, pale wanapombana asiye na uwezo. Lakini mistari michache kutoka hapo tunasoma kwamba Rava, mmoja wa wakubwa wa marabi wa Babeli, alimshurutisha tajiri mmoja na kuchukua kwake zuz 400, yaani sarafu za fedha za enzi hizo, za sadaka. Mwenye nacho anaweza kusukumwa. Asiye nacho asiguswe. Anayejua kutofautisha hawa wawili bila kumwaibisha yeyote ndiye mchangishaji hodari, na wengi walio kazini leo bado wanajifunza ustadi huo.

Kuhusu hesabu, Talmudi inasema wakusanyaji waaminifu hawadaiwi hesabu. Karne nyingi baadaye, rabi Moses Isserles wa Kraków aliongeza kwamba ni vizuri watoe hesabu hata hivyo, wawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu. Serikali ya Marekani imelifanya hilo kuwa lazima. Asasi nyingi zilizosamehewa kodi hujaza kila mwaka Fomu 990, nayo ni ya wazi kwa yeyote: mapato, matumizi, na mishahara ya viongozi wakuu.

Musa bin Maimuni, anayejulikana pia kama Maimonides, aliyeishi Misri katika karne ya 12, alikusanya sheria hizi na kupanga ngazi nane za utoaji. Ya chini kabisa ni ya anayetoa kwa kinyongo. Ya pili kutoka juu ni pale mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, mpaka asihitaji tena kuomba. Ngazi hizi hunukuliwa katika karibu kila mafunzo ya wachangishaji wa Kiyahudi. Tatizo ni kwamba ukuta wa karibu kila sinagogi na kila kituo cha jamii umejaa vibao vyenye majina ya waliotoa! Si kwamba hakuna aliyeliona hilo. Shlomo ibn Aderet, rabi wa Barcelona wa karne ya 13, alikubali jina la mtoaji liandikwe, akisema kwamba Maandiko nayo huwataja watenda mema. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa kibao kinachotajwa kwenye mkataba kabla hata ya darasa kupata mwalimu ni jambo lingine.

Walimu nao waliwekewa sheria, kwenye kitabu kilekile. Yehoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa siku za mwisho za Hekalu, anasifiwa kwa kuagiza walimu wawekwe katika kila mji na watoto waanze masomo wakiwa na miaka 6 au 7. Kabla yake mwenye baba alifundishwa na baba yake, na yatima alibaki hivyohivyo. Rava, yuleyule aliyemshurutisha tajiri, aliweka idadi: mwalimu mmoja kwa watoto 25, wakifika 50, walimu wawili, wakiwa 40, mwalimu apewe msaidizi, na gharama yake isaidiwe na mji. Kwa hiyo suala la bajeti lilikuwa limeshaingia darasani zamani zile.

Jinsi Marekani ilivyojenga ofisi mbili

Wayahudi walipomiminika Marekani kutoka Ulaya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kila mji ulijaa vyama: cha kuzika, cha yatima, cha wagonjwa, cha kuwapokea wageni, na kila kimoja kiligonga milango ileile. Mwaka 1895 Wayahudi wa Boston waliunganisha uchangishaji wa vyama kadhaa chini ya shirikisho moja: mtoaji aombwe mara moja, kisha kamati igawe. Miji mingine ikafuata. Leo mashirikisho hayo ni zaidi ya mia moja Marekani na Kanada, nayo ndiyo uti wa mgongo wa fedha za jamii.

Dharura ziliupa mfumo huo nguvu. Mwaka 1914 balozi wa Marekani katika dola ya Uthmaniya, Henry Morgenthau, alipeleka telegramu New York kwa tajiri wa benki Jacob Schiff akiomba dola 50,000 kwa ajili ya Wayahudi wa Palestina waliokatiwa misaada na vita. Kutokana na ombi hilo ikazaliwa Joint, asasi ya misaada inayofanya kazi hadi leo. United Jewish Appeal nayo ilianzishwa mwaka 1939, miezi michache baada ya masinagogi kuchomwa moto Ujerumani.

Elimu ilibaki nyuma. Wakubwa wengi wa mashirikisho waliona masomo ya dini kuwa shauri la wazazi na sinagogi. Hela za jamii ziende kwa mgonjwa na mwenye njaa. Aliyepambana na fikra hiyo ni Samson Benderly, mzaliwa wa Safed aliyesoma udaktari Baltimore kisha akauacha kwa ajili ya elimu. Mwaka 1910 alipewa ofisi ya elimu ya Kiyahudi New York, na sehemu kubwa ya mtaji ilikuwa dola 50,000 za Schiff. Aliandaa walimu vijana na vitabu vipya. Ofisi yake ilichukua pia kazi ya kukusanya ada kwa wazazi na kuwafuatilia watoto watoro. Jambo hilo la mwisho naliona kuwa la busara kuliko yote aliyoyafanya, nalo limesahauliwa: alimwondolea mwalimu kazi ya kudai.

Mwaka wa mchangishaji

Kazi ya kuchangisha katika asasi ya Kiyahudi ina kalenda mbili, ya dini na ya kodi. Mwezi wa Tishri, kati ya Septemba na Oktoba, sikukuu hufuatana kiasi kwamba siku za ofisi huwa chache mno. Ijumaa alasiri kazi hukatika kwa ajili ya Sabato. Desemba nayo ni mbio tupu, kwa sababu mtoaji anayetaka mchango wake upunguzwe kwenye kodi ya mwaka huo lazima autoe kabla ya tarehe 31 kupita.

Sinagogi hujaa kuliko siku zote jioni inayoanza Siku ya Upatanisho, wakati wa sala ya Kol Nidre, na huo ndio usiku wa ombi kubwa. Lakini siku hiyo ni mwiko kuandika na ni mwiko kushika fedha. Ufumbuzi wake ni kadi iliyochapwa viwango vya michango pembeni. Mtu hukunja kipande penye kiasi anachoahidi, bila kalamu. Baada ya sikukuu ofisi husoma kadi na kuanza kufuatilia. Anayeanza kazi hii huambiwa mapema kwamba ahadi bado si fedha, na kazi kubwa iko katika kufuatilia.

Utaona pia michango ya dola 18, 36, 180, 1,800. Herufi za Kiebrania zina thamani za namba, na zile mbili zinazounda neno la uhai zinajumlika kuwa 18. Mchangishaji anayeandika barua yenye viwango vya 25, 50 na 100 hajafanya dhambi, ila ameonyesha kwamba hajui yuko nyumbani kwa nani.

Kulikuwa pia na karamu za kusomewa majina. Katika dhifa za United Jewish Appeal, mwenyekiti alisoma jina la kila aliyehudhuria kutoka kwenye kadi, na mwenye jina alisimama akataja kiasi mbele ya washindani wake wa biashara. Mkenya aliyewahi kukaa kwenye harambee, orodha ikisomwa kwa kipaza sauti huku kila mtu akipima jirani yake katoa ngapi, anaijua hali hiyo. Ilileta fedha nyingi, na iliacha majeraha. Siku hizi imefifia, na nafasi yake imeshikwa na mazungumzo ya faragha na wafadhili wakubwa, wasia, na fedha za mifuko ya familia zinazoombwa kwa maandishi. Hapo ndipo penye hatari ambayo wanawake wa taaluma hii waliieleza kwa ujasiri kuanzia mwaka 2018: kijana wa ofisi kutumwa peke yake kwa mfadhili mwenye nguvu, mfadhili akajisahau, na asasi ikaogopa kumpoteza. Sheria ya wakusanyaji wawili wasiotengana ilikuwa na sababu zake. Ningependa kuiona ikirudishwa neno kwa neno.

Mwaka wa mwalimu

Elimu ya jamii hii ina milango mingi. Zipo shule za kutwa, zinazofundisha masomo ya serikali na ya dini, na ada zake huwalemea hata wenye kazi nzuri. Zipo shule za nyongeza, saa chache kwa wiki baada ya shule ya kawaida, ambako watoto wengi huandaliwa kusoma Torati mbele ya watu wakifika miaka 13, au 12 kwa wasichana wa baadhi ya jamii, kisha wengi hawaonekani tena. Zipo kambi za kiangazi, kama zile za Ramah zilizoanza mwaka 1947, ambazo watu wazima wengi watakwambia ziliwajenga kuliko darasa lolote. Zipo pia vikundi vya wanafunzi wa vyuo kama Hillel, iliyoanza mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, mihadhara ya watu wazima, na mafunzo ya historia ya mauaji ya halaiki ya Wayahudi yanayotolewa pia katika shule za serikali kwa watoto ambao hawajawahi kukutana na Myahudi.

Mwalimu wa shule ya nyongeza mara nyingi ni wa saa chache, asiye na bima wala pensheni. Mkurugenzi wa uchangishaji katika jengo hilohilo ni mwajiriwa kamili anayelipwa vizuri. Hili ni kosa, na ni kosa la zamani. Wanaolitetea husema mchangishaji analeta fedha, mwalimu anazitumia. Lakini muulize mtoaji mkubwa yeyote kwa nini anatoa, utasikia habari za mwalimu wa utotoni, kiongozi wa kambi, au bibi aliyemfundisha baraka za Sabato. Fedha ya leo ilipandwa darasani miaka 40 iliyopita. Mpanzi akilipwa vibaya leo, sijui mchangishaji wa miaka 40 ijayo atamwomba nani.

Swali hilo limezidi uzito kwa sababu ya takwimu. Uchunguzi wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 ulikadiria Wayahudi wa Marekani kuwa milioni 7.5, watoto wakiwamo. Kati ya watu wazima, asilimia 27 walisema hawana dini, ingawa wanajihesabu Wayahudi kwa asili, utamaduni au familia. Kati ya waliooa na kuolewa tangu 2010, asilimia 61 walikuwa na wenzi wasio Wayahudi. Wengine huziona namba hizi kuwa msiba, wengine mlango wa familia mpya. Kwa pande zote mbili jibu limekuwa elimu, na elimu inahitaji fedha.

Mfano mzuri wa kazi mbili kuwa moja ni PJ Library, iliyoanzishwa mwaka 2005 magharibi mwa Massachusetts na mfadhili Harold Grinspoon. Familia zenye watoto hupelekewa vitabu vya hadithi vyenye mambo ya Kiyahudi bila malipo kwa njia ya posta, na jamii za mahali husaidia gharama. Anayeratibu mpango huo mjini huandaa saa ya hadithi Jumapili, akiwajua wazazi kwa majina, na baadaye huenda kwa wafadhili kueleza hadithi hizo zimefika kwa watoto wangapi. Huwezi kusema alipokuwa mwalimu ni wapi na alipokuwa mchangishaji ni wapi.

Fedha zikitoweka

Desemba 2008 ilionyesha kamba hii ilivyofungwa. Bernard Madoff alikamatwa New York, na ikabainika kwamba biashara yake ya uwekezaji ilikuwa ulaghai. Asasi nyingi za Kiyahudi zilikuwa zimeweka akiba zao kwake kwa kuaminiana. Hadassah, chama cha wanawake kinachotegemeza hospitali Jerusalem, kilitangaza kwamba dola milioni 90 zilizokuwa kwenye vitabu vyake hazipo. Mfuko wa familia ya Chais ulifungwa kabisa. Mfuko wa Robert Lappin huko Massachusetts, uliokuwa ukigharimia safari za vijana kwenda Israel na mafunzo mengine, ulitangaza kufunga milango siku iliyofuata kukamatwa kwa Madoff.

Safari zile hazikuwa na kasoro yoyote ya kielimu. Zilikuwa zimening'inia kwenye msumari mmoja. Kwa hiyo mwalimu ana haki ya kuuliza fedha za darasa lake zinatoka wapi, na mkurugenzi anayemjibu kwamba hayo si yake anamkosea. Michango midogo 300 inachosha kuifuatilia kuliko hundi moja nene, lakini haiondoki yote kwa usiku mmoja.

Mtu mmoja, kofia mbili

Sasa turudi kwa yule mwenye nafasi zote mbili. Faida yake ni kubwa: anapoomba, anaomba kwa jambo alilolishuhudia. Hasemi programu inagusa maisha; anasema mzee wa miaka 70 amejifunza herufi za Kiebrania na sasa anasoma na mjukuu wake. Talmudi inasema anayewafanya wengine watende ni mkubwa kuliko mtendaji, na huyu amepewa kuwa wote wawili.

Hatari yake ni kwamba anajua mengi mno. Kama mwalimu anajua familia gani imeomba punguzo la ada, ndoa ipi inayumba, mtoto gani ameanza kuja bila chakula. Kama mchangishaji ana orodha ya nani aombwe kiasi gani. Maarifa ya daftari la kwanza yakivuja kuingia la pili, imani ya wazazi imekufa, na haifufuki. Kuna uvujaji wa upande wa pili pia: mtoto wa mfadhili akapewa nafasi ya mbele kwenye igizo la sikukuu ya Purimu, au somo gumu la historia likalainishwa kwa sababu mwenye jina ukutani hapendi maswali yake. Tangu Oktoba 2023, mabishano kuhusu Israel na Gaza yameleta shinikizo la namna hiyo katika asasi nyingi, kutoka kwa wafadhili wa mielekeo tofauti.

Dawa naiona ileile ya kale. Anayefundisha asiombe peke yake. Aende na mjumbe wa bodi, naye aeleze kazi huku mwenzake akitaja kiasi. Mzazi asiombwe na mwalimu wa mwanawe katika mwaka ambao mwana huyo yumo darasani. Punguzo la ada liamuliwe na kamati ya watatu, na majina yasifike kwa mchangishaji kabisa. Mtaala uidhinishwe na watu wa elimu, kisha ndipo utafutiwe fedha, si kinyume chake. Na mshahara usiwe asilimia ya kilichokusanywa. Chama cha wachangishaji wa kitaalamu, AFP, kimeikataza kamisheni ya aina hiyo katika kanuni zake za maadili.

Kwetu Afrika Mashariki

Matunda ya kazi hizi yamefika karibu nasi. HIAS, iliyoanzishwa New York kuwasaidia Wayahudi waliohamia Marekani, ina ofisi Nairobi tangu mwaka 2002, na huwahudumia wakimbizi wa mijini, wakiwamo Wakongomani, bila kujali dini. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu na kuishika kwa siri Idi Amin alipoipiga marufuku. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akawekwa wakfu mwaka 2008, na kwa miaka mingi amekuwa akifundisha kwao na kusafiri kueleza mahitaji ya watu wake kwa Wayahudi wa Marekani. Shule zao hupokea watoto wa Kikristo na Kiislamu pia.

Rwanda kuna kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, wilaya ya Rwamagana. Anne Heyman, mwanasheria wa New York mzaliwa wa Afrika Kusini, alitazama jinsi Israel ilivyowalea yatima katika vijiji vya vijana kama Yemin Orde, akaamua kuchangisha kwa ajili ya yatima wa Rwanda. Kijiji kilifunguliwa Desemba 2008 na huchukua vijana wapatao 500. Heyman alifariki kwa ajali mwaka 2014, na huo ni mtihani mkubwa kwa asasi yoyote iliyobebwa na sauti ya mtu mmoja. Kijiji kiliendelea. Mwaka huohuo, kwenye ardhi yake iliyokodishwa, ulikamilika mtambo wa umeme wa jua wa megawati 8.5, na kodi ya ardhi husaidia sehemu ya gharama. Ni ile ngazi ya juu ya bin Maimuni, ikitekelezwa kwa taasisi badala ya mtu.

Kwa anayefikiria kuomba kazi

Huhitaji kuwa Myahudi kwa nafasi nyingi za uchangishaji na utawala. Asasi hizi zimejaa wafanyakazi wa dini nyingine. Nafasi za kufundisha dini ni tofauti. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inairuhusu taasisi ya kidini kupendelea watu wa dini yake katika ajira. Na mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi za shule mbili za Kikatoliki za California, iliamua kwamba mwalimu anayebeba jukumu la kufundisha dini hawezi kuishtaki shule kwa sheria za ubaguzi kazini. Mchangishaji asiyefundisha dini si rahisi kumwingiza kwenye kanuni hiyo. Kwa hiyo mwenye kofia mbili asome maelezo ya kazi yake neno kwa neno kabla ya kutia saini, kwa kuwa kifungu kimoja cha kufundisha kinaweza kubadili haki zake.

Aitafute Fomu 990 ya asasi aone mapato yamepanda au yameshuka na mkurugenzi analipwa ngapi. Aulize asilimia ngapi ya bajeti inatoka kwa mfadhili mmoja. Aulize nani huamua mtaala, nani huona majina ya waliopewa punguzo, na mjumbe gani wa bodi ataongozana naye kwenye maombi ya kwanza. Aulize pia malengo yake yatapimwaje: kama karatasi ya tathmini ina safu ya dola tupu na haina hata mstari mmoja wa wanafunzi, basi wanachotafuta ni mchangishaji, na mshahara wa elimu ujadiliwe upya au nafasi hiyo igawanywe.